Hesabu pumzi dakika nzima, na mgonjwa asijue

Fungua jalada la mgonjwa aliyelazwa na utakuta safu nne za tarakimu: joto la mwili, mapigo ya moyo, presha na upumuaji. Tatu za kwanza hupanda na kushuka kutwa nzima. Ya nne mara nyingi husoma 20, 20, 18, 20, kitanda hadi kitanda, kana kwamba wodi nzima inapumua kwa ngoma moja. Sisi tunaofundisha wauguzi tukiiona safu ya namna hiyo tunajua kilichotokea: hakuna aliyehesabu. Joto lina kipimajoto, presha ina mashine yake, mapigo siku hizi husomwa na kifaa cha kidoleni. Pumzi, katika wodi za kawaida, hazina kifaa cha kubandika. Zinataka macho, saa na dakika moja ya kutulia, na dakika wodini ni bidhaa adimu.

Ajabu ni kwamba safu hiyo inayokisiwa ndiyo ambayo mara nyingi huanza kubadilika mtu anapoelekea kuzidiwa, wakati presha bado inasoma vizuri. Nayo yeyote nyumbani anaweza kuipima kwa usahihi ule ule wa hospitali.

Kifua kikiinuka na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Nalisema kwa sababu wanaoanza huhesabu kuinuka moja, kushuka mbili, halafu wanakuja wamefadhaika kwamba mtu mzima mwenye afya yake ana 32. Tumia saa yenye sekunde, au simu, na uhesabu sekunde 60 kamili. Wengi hupenda njia ya mkato ya kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Hapo ukikosea pumzi moja tu umekosea nne, na kwa mtu mzima hiyo ndiyo tofauti kati ya 20, ambayo ni ya kawaida, na 24, ambayo si ya kupuuzwa. Kwa mtoto mchanga njia ya mkato haifai kabisa. Yeye hupumua haraka haraka, kisha husita sekunde tano au hata kumi, kisha huendelea. Ukiangukia kwenye kusita huko utaandika namba ya chini isiyo yake. Kusita kwenyewe ni kawaida ya wachanga, ila kukizidi sekunde 20, au akibadilika rangi, ni hatari.

Mgonjwa asijue unahesabu nini. Upumuaji huendeshwa na shina la ubongo hata tukiwa usingizini, lakini mwenye nao anaweza kuushika usukani wakati wowote. Mwambie mtu “nataka kuhesabu pumzi zako” uone: atapumua kama anayepigwa picha. Ujanja wa wauguzi ni wa zamani na bado haujashindwa. Shika kifundo cha mkono wake kana kwamba unahesabu mapigo, ulaze mkono huo juu ya kifua chake, kisha macho yako yaondoke kwenye saa yaende kifuani. Akiwa ametoka kupanda ngazi, msubiri atulie. Mtoto apakatwe, asiwe analia wala kunyonya, na nguo ipandishwe uone tumbo, maana watoto wadogo hupumulia tumbo zaidi ya kifua.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akifika 25 na zaidi bila sababu ya wazi, daktari anahitajika siku hiyo hiyo. Watoto wana viwango vyao. Mwaka 1984 daktari Frank Shann na wenzake, waliokuwa wakitibu watoto huko Papua New Guinea, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kwa mtoto mwenye kikohozi, kuhesabu pumzi kunasaidia kumtambua mwenye homa ya mapafu hata pasipo eksirei. Viwango vinavyotumiwa leo na Shirika la Afya Duniani ni rahisi kukariri: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi kutimiza mitano. Mtoto anayekohoa akifikia kiwango cha umri wake, apelekwe kutibiwa.

Wengi hudhani mwili huhema kwa kukosa oksijeni tu. Kwa kawaida ubongo huchunga zaidi hewa ya ukaa, kwa sababu ikirundikana damu huwa na tindikali. Ndiyo maana mtu anaweza kutweta na mapafu yake hayana hitilafu. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imemzidi na damu imejaa tindikali huvuta pumzi ndefu, nzito, mfululizo, kama aliyetoka mbioni, naye yuko kitandani. Daktari Mjerumani Adolf Kussmaul aliueleza upumuaji huo mwaka 1874 na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Homa, kupoteza damu nyingi na maambukizi yaliyosambaa mwilini navyo hupandisha kasi.

Kasi peke yake, hata hivyo, haitoshi. Tazama na kina. Mtu mzima huvuta kama mililita 500 kwa pumzi, na karibu 150 kati ya hizo huishia kooni na kwenye mirija, hazifiki kwenye vifuko ambako damu hupokea oksijeni. Pumzi 12 za kawaida, jumla lita 6, hupeleka lita 4.2 mahali panapotakiwa. Pumzi 30 fupi fupi za mililita 200 hupitisha hewa ile ile lita 6 kwa jumla, lakini inayofika ni lita 1.5. Anahangaika zaidi, anapata kidogo. Kwa hiyo kifaa cha kidoleni kikisoma oksijeni ya damu asilimia 96 na pumzi ni 32, usishangilie: 96 hiyo inapatikana kwa jasho, na misuli huchoka.

Upande wa chini nao una hatari yake, hasa kwa aliyemeza dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, aliyelewa kupindukia au aliyeumia kichwa. Pumzi chini ya 8 kwa mtu ambaye haamshiki ni dharura.

Zipo hali ambazo saa haina kazi: mbavu za chini za mtoto zinabonyea ndani kila anapovuta hewa, anagumia, midomo imekuwa ya buluu, au mtu mzima anashindwa kumaliza sentensi. Hapo ondokeni mwende hospitali.

Kwingineko hesabu mara mbili, uandike na hali yake. “Mtoto wa miezi minane, pumzi 56, amelala, hana homa, saa mbili usiku.” Ukipiga simu na kusema hivyo, wa upande wa pili hana haja ya kukuuliza kama anahema sana au kidogo.