Je, wosia wa mume na mke unaofanana humfunga anayebaki?

La, haumfungi. Jibu hili huwashtua hata walioutia sahihi zamani.

Wosia wa aina hii, tuuite wosia pacha, ni rahisi kuueleza. Mume anaandika kwamba akifa mali yake iende kwa mkewe, na mkewe akiwa ametangulia, iende kwa watoto wote. Mke naye anaandika maneno yale yale, majina tu ndiyo yanayobadilishana nafasi. Ni karatasi mbili, zimeandikwa siku moja na kutiwa sahihi meza moja. Kwa sababu hiyo wengi huamini kuwa zimekuwa mkataba: mmoja akifa, wosia wa aliyebaki unaganda na watoto wako salama.

Fikiria doti ya leso inunuliwayo Barabara ya Biashara, Mombasa. Hutoka dukani kitambaa kimoja chenye leso mbili, pindo lile lile, mji ule ule, jina lile lile. Fundi huikata katikati na kukunja kingo. Tangu hapo moja yaweza kubebea mtoto hadi ichanike, na nyingine ikakaa sandukuni bila hata tundu. Kufanana kwake kwaonyesha zilikotoka tu. Hakuna uzi unaoziunganisha. Wosia pacha ni doti iliyokwisha katwa. Kila mmoja ana wake, na kwa Sheria ya Urithi, ambayo ni sura ya 160 ya sheria za Kenya, mwenye wosia aweza kuubadilisha au kuufuta wakati wowote maadamu ana akili timamu. Sheria haimtaki amwarifu mwenzake, wala haimzuii eti kwa kuwa mwenzake amekufa. Mjane aliyerithi kila kitu aweza kuandika wosia mpya kesho yake na kuwaacha nje watoto wa kambo.

Tena si lazima hata akusudie. Kifungu cha 19 kinasema ndoa hubatilisha wosia wa anayeoa au kuolewa, isipokuwa wosia wenyewe ulitamka kwamba unaandikwa kwa kutarajia ndoa na mtu fulani aliyetajwa. Aliyebaki akioa au kuolewa tena, karatasi ile ya zamani imekufa bila mtu kuigusa.

Ipo doti isiyokatwa, yaani wosia pacha wenye ahadi inayofunga. Mwaka 1769, katika kesi ya Dufour v Pereira, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba mke aliyekubaliana na mumewe juu ya wosia wao, kisha akafaidi mali baada ya mume kufa, hakuweza kugeuka. Kenya ilirithi kanuni za haki za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa hiyo wakili ana pa kuanzia hoja. Lakini kesi ya Re Oldham ya 1925 ilifafanua kwamba kufanana kwa wosia peke yake si ushahidi wa makubaliano. Wanaotaka kufungana waandike wazi ndani ya kila wosia kwamba wameahidiana kutobadilisha, na ahadi inahusu mali ipi. Hata hivyo, kungoja ahadi hiyo itetewe kortini baada ya wote wawili kufa ni kuwatwika watoto kesi, na kesi hula urithi.

Njia imara zaidi ni kutompa aliyebaki mali yenyewe, bali haki ya kuitumia maisha yake yote. Pwani jambo hili linaeleweka upesi: mtu apewa kuangua nazi, hapewi kukata mnazi. Mke mwenye nyumba Tudor aandika kwamba mumewe ataishi humo au kupokea kodi yake hadi afe, kisha nyumba iende kwa watoto aliowataja. Mume hawezi kuiuza wala kuiandika katika wosia wake, kwani haikuwahi kuwa yake. Wosia utaje pia nani atalipa ada za ardhi na ukarabati, maana ugomvi huanzia kwenye paa linalovuja.

Kabla ya hapo tazama hati ya umiliki. Ikiwa majina mawili yamesajiliwa kwa umiliki wa pamoja usiogawika, nyumba haipiti kwenye wosia kabisa: mmoja akifa, msajili huondoa jina lake kwa kuonyeshwa uthibitisho wa kifo, na aliyebaki huwa mwenye yote. Wakitaka nyumba ipite kwenye wosia, lazima kwanza wawili hao, wakiwa hai, wabadilishe usajili uwe wa hisa, kila mmoja na fungu lake. Katika mitaa ya Mombasa ambako mtu humiliki nyumba bila ardhi, andika wazi kwamba unaachia nyumba bila ardhi, na uweke stakabadhi za kodi ya ardhi pamoja na wosia.

Kwa Waislamu mambo ni mengine, kwani kifungu cha 2(3) cha Sheria ya Urithi kinaiacha mirathi yao kwa sheria ya Kiislamu. Mume na mke kuachiana kila kitu haisimami. Wosia hauvuki theluthi ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni (mahari ambayo haijalipwa ni deni), na mrithi haachiwi wosia ila warithi wengine waridhie. Mke ana thumuni akiwapo mtoto, robo asipokuwapo. Mume ana robo au nusu. Bado wanaweza kuandika wosia pacha wa theluthi, kwa mfano wote wawili wamwachie mjukuu yatima ambaye hairithi mali yao kwa sababu wajomba au ami zake wapo. Hilo ni jambo jema ambalo familia nyingi husahau.

Sasa kutia sahihi, ambako pacha huponzana. Uingereza, mwaka 1999, mume na mke waliletewa wosia zao na kila mmoja akatia sahihi wa mwenzake. Mke alifariki 2003, hakuna aliyegundua. Mume alipofariki 2006 kosa likaonekana, na ilibidi Mahakama ya Juu ilirekebishe mwaka 2014. Kwa hiyo tumieni bahasha za rangi mbili, kila mtu asome jina lake kwa sauti, amalize wa kwanza na kuufungia ndipo wa pili ufunguliwe.

Mashahidi wawe wawili au zaidi, kila mmoja aone sahihi au dole gumba likiwekwa, au akiriwe na mwenye wosia mwenyewe kuwa ni lake, kisha atie yake mbele ya mwenye wosia. Mume asishuhudie wosia unaompa kitu, wala mke wa mtoto asishuhudie unaompa mumewe, kwani zawadi hiyo hubatilika mpaka wawepo mashahidi wengine wawili wasiohusika. Majirani wawili wasiorithi chochote wanatosha kwa karatasi zote mbili.

Ongeza sharti la siku 30: mwenzangu atarithi akiwa hai siku 30 baada yangu. Bila hilo, mmoja akifa Jumatatu na mwingine Ijumaa, mali ile ile itapitishwa mahakamani mara mbili. Wakifa katika ajali moja na isijulikane nani alitangulia, sheria huchukulia kwamba mume na mke wamekufa pamoja, kwa hiyo taja warithi wa akiba.

Mwisho, nakala halisi. Wosia uliokuwa mkononi mwa mwenyewe na usionekane hudhaniwa kuwa aliuchana kwa makusudi, na wasii, yaani aliyetajwa kuutekeleza wosia, ndiye atakayebeba kazi ya kuthibitisha vinginevyo. Msiweke zote mbili kwenye mkoba mmoja. Na pini zinazoshika kurasa zisitolewe hata kwa kupiga fotokopi: matundu yasiyo na pini humfanya hakimu aulize ukurasa gani umebadilishwa.