Kompyuta peke yake haijawahi kufundisha

Kwa miaka mingi imeaminika kwamba shule ikishapata kompyuta, wanafunzi watafaulu zaidi, na kwamba wenzetu wa nje walifanikiwa hivyo. Sivyo ilivyokuwa.

Peru ilijaribu. Iligawa kompyuta mpakato zaidi ya 800,000, nyingi zikienda shule za vijijini. Watafiti walipolinganisha shule zilizopata na zile ambazo hazikupata, ripoti yao ya 2012 haikuona tofauti yoyote katika hisabati wala lugha. Kompyuta zenyewe zilitumika, lakini shule nyingi hazikuwa na intaneti, na walimu hawakuandaliwa vya kutosha kuziingiza ndani ya somo.

Uruguay nayo ilianza kugawa kompyuta mwaka 2007, ila haikuishia hapo. Ilipokosa walimu wa Kiingereza wa kutosha shule za msingi, iliunganisha madarasa kwa video na mwalimu aliye mbali. Mwalimu huyo hufundisha somo moja kwa wiki. Siku nyingine mwalimu wa darasa huliendeleza, hata kama Kiingereza chake ni kichanga, akijifunza pamoja na watoto wake. Wawili hao hupanga somo kwa pamoja. Kwangu mimi, mpango huo wa pamoja ndio wa kuigwa kwanza, kabla ya kuulizia bei ya kifaa chochote.

Estonia pia, tangu mpango wake wa miaka ya 1990, ilipeleka kompyuta na intaneti shuleni sambamba na mafunzo ya walimu.