Je, wajua kwa nini mpiga tarumbeta hakuazimi mausipisi yake?

Mwezi wa saba, Arusha ikiwa kwenye baridi lake, ndugu yangu alioa. Bendi ya matarumbeta ilitoka Moshi, kilomita 80 hivi, na walipofika hawakupumzika: wakapanda pikapu, wakasimama nyuma wameegemeana, ngoma kubwa imefungwa kwa kamba, tukazunguka Mnara wa Saa mara mbili huku honi zikilia. Gari likikata kona wote wanayumba upande mmoja, ila wimbo hauyumbi.

Jioni ukumbini, wenzake walipoenda kuchukua sahani, nilimsogelea mzee mmoja aliyekuwa akipuliza sauti ya kwanza.

"Shikamoo, meku."

"Marahaba."

"Naomba nijaribu kidogo hiyo tarumbeta yako."

Akanipa bila kusita. Lakini kabla haijafika mikononi mwangu alichomoa mausipisi, kile kikombe kidogo cha chuma kinachokaa mdomoni, akakitia mfuko wa shati. Nikamuuliza sasa nitapuliza vipi.

"Kwani mswaki wako huwa unamwazima nani?"

Meza nzima ikacheka. Naye akaenda zake kwenye foleni ya pilau, mimi nikabaki nimeshika bomba la shaba lisilo na mdomo.

Jibu la mswaki ni la afya, na ni sahihi. Ila halitoshi. Binamu yangu anapiga gitaa la solo kwaya moja ya Kijenge, na gitaa haliingii mdomoni. Hata hivyo ukimwomba akuazime, macho yanamtoka kama umemwomba figo. Gitaa lenyewe ni bovu. Uzi wa tatu unalegea kila baada ya nyimbo mbili, na rangi imebabuka pale mkono wa kulia unapolala. Mama yake alijitolea kumnunulia jipya, akakataa. Tukasema ni kiburi. Siku hizi naamini alikuwa na sababu ambayo yeye mwenyewe asingeweza kuieleza, kwa sababu inakaa mahali maneno hayafiki.

Tuanze na dereva wa Hiace. Muangalie stendi akirudi kinyumenyume katikati ya magari mawili, pembeni pamebaki upana wa kiganja. Hapimi, hashuki kuchungulia. Bampa la nyuma analijua kama wewe unavyojua kisigino chako kilipo hata gizani. Ubongo una ramani ya mwili, inayouambia kila wakati mkono uko wapi na unaishia wapi, na ramani hiyo si ya kudumu. Kitu unachokitumia sana huingizwa ndani yake.

Mwaka 1996 watafiti wa Kijapani wakiongozwa na Atsushi Iriki waliwafundisha kima kuvuta chakula kwa reki. Walikuwa wakipima seli za ubongo ambazo hushtuka kitu kikikaribia mkono. Kima alipoitumia reki dakika chache tu, seli zilezile zikaanza kushtuka kitu kikikaribia ncha ya reki. Mkono ulikuwa umerefuka, kwa hesabu ya ubongo. Na hapa ndipo ninapopapenda: kima akiishika reki tu, bila kuitumia, mkono haukurefuka. Kumiliki hakutoshi, lazima kazi ifanyike.

Sasa fikiria si dakika chache bali miaka 15 ya mazoezi ya kwaya kila Jumatano na Jumamosi. Mwaka 1995 watafiti wakiongozwa na Thomas Elbert walipima ubongo wa wapiga ala za nyuzi, wakakuta sehemu inayoshughulikia vidole vya mkono wa kushoto, vile vinavyokimbia juu ya nyuzi, imepanuka kuliko ya watu wasiopiga, na zaidi kwa walioanza wakiwa wadogo. Chombo kimejichimbia shamba lake kichwani.

Mtu atasema: sawa, lakini shamba hilo ni la gitaa lolote. Si kweli, na hapa hesabu inasaidia. Magitaa ya umeme yanayofuata kipimo cha Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, yana uzi wenye urefu wa sentimita 64.8 hivi kutoka mwisho hadi mwisho. Yanayofuata cha mshindani wake Gibson, karibu 62.9. Kwa hiyo kidole kinachotafuta freti ya kwanza, yaani kile chuma chembamba kinachokatiza shingo ya gitaa, kwenye gitaa la mwenzako kinakosea kwa milimita moja, na kikifika freti ya 12 kimekosea kwa karibu sentimita nzima. Hapo hujagusa upana wa shingo, unene wake, wala urefu wa nyuzi kutoka kwenye ubao. Kwa jicho magitaa hayo ni ndugu. Kwa mkono ni kama kupanda ngazi za nyumba ya watu usiku.

Midomo ni mikali zaidi ya vidole. Ukingo wa mausipisi ukiwa mpana kidogo au mwembamba kidogo, misuli ya mdomo inabanwa pengine, na noti za juu zinapotea. Ndiyo maana wapulizaji wengi hubadili tarumbeta bila huzuni kubwa huku mausipisi ikibaki ileile. Mzee wangu alijua anachokitia mfukoni.

Mwili nao hubadilika kwa nje. Mpiga gitaa ana sugu vidoleni, na ukikaa mwezi bila kupiga zinalainika na kuanza upya kuuma. Mpiga fidla huota alama nyeusi shingoni, chini ya taya la kushoto, watu wakadhani amepigwa busu. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa Marekani, alipuliza kwa nguvu miaka mingi hadi midomo yake ikawa na makovu, na misuli ya mdomo ikichanika kwa kupuliza, madaktari wameupa ugonjwa huo jina lake la utani, Satchmo. Ukiuangalia mwili wa mwanamuziki mzee unaweza kusoma ala yake, kama unavyoweza kusoma jembe kwenye viganja vya mama aliyelima vihamba maisha yake yote.

Halafu kuna jambo ambalo sisi tunaokaa vitini hatulipati kabisa. Mpigaji hasikii kwa masikio peke yake. Fidla imebanwa tayani, kwa hiyo sauti inapita kwenye mfupa hadi sikio la ndani. Gitaa la mbao limelala kifuani. Ngozi ya binadamu ina vipokezi vinavyohisi mtetemo, na vinahisi vizuri zaidi mtetemo wa mara 250 hivi kwa sekunde. Uzi wa pili wa gitaa, ukiwa umetuniwa kawaida, hutetema mara 247. Yaani binamu yangu akiugusa uzi ule, mbavu zake zinaupata moja kwa moja, na hakuna spika ya kanisa inayoweza kutugawia sisi kitu hicho. Evelyn Glennie, mpiga ngoma wa Uskoti aliyepoteza usikivu wake akiwa mtoto, hupiga jukwaani bila viatu ili sakafu imletee sauti miguuni.

Je, basi ala ipendwayo ndiyo yenye sauti bora? Wenyewe wataapa hivyo. Mwaka 2010 mjini Indianapolis, Marekani, Claudia Fritz na wenzake waliwaita wapiga fidla 21 kwenye chumba cha hoteli, wakawavika miwani ya giza kama ya wachomea vyuma, wakapaka manukato kidogo kwenye fidla ili zile za zamani zisijulikane kwa harufu. Fidla zilikuwa sita, mpya tatu na za kale tatu, mbili kati ya hizo za kale zikiwa za Stradivari, fundi maarufu wa Italia, zenye bei ya kutisha. Walipoambiwa wachague ya kwenda nayo nyumbani, wengi walichagua mpya. Jina na umri wa fidla vilikuwa vimewaongoza masikio kwa karne kadhaa.

Siwacheki. Jaribio lile lilipima dakika chache na chombo kigeni, halikupima miaka. Na miaka ndiyo inayofanya mtu ajue kilema cha chombo chake: kwamba uzi wa tatu unashuka, kwa hiyo kidole kinausukuma kidogo juu bila kuamrishwa. Gitaa jipya lisilo na kasoro lingemkuta binamu yangu bado anasahihisha kosa lisilokuwepo, na yeye ndiye angesikika amekosea.

Chombo nacho hakikai tuli, na kwa hili sisi wa huku tuna la kusema, maana mpingo ni mti wetu wa taifa. Klarineti na zumari kubwa za okestra za Ulaya hutengenezwa kwa mpingo, ambao mwingi hutoka kusini, Kilwa na Lindi. Mbao yake ya moyo ni nzito kiasi kwamba inazama majini. Marehemu Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa Kilimanjaro, na mchongaji James Harris wa Texas walianzisha mradi wa kuupanda mpingo Moshi katikati ya miaka ya 1990, kwa sababu mti huu hukua polepole mno: anayeupanda leo hatauvuna. Hata mbao ngumu namna hiyo huogopa pumzi. Klarineti mpya ikipulizwa saa tatu mfululizo siku ya kwanza inaweza kupasuka, kwa kuwa ndani imelowa na nje ni kavu. Wajuzi huizoesha, dakika 15 hivi kwa siku, wiki kadhaa, mpaka mbao iizoee pumzi ya mtu.

Gitaa la mbao hunywa unyevu masika likavimba, nyuzi zikapanda juu ya ubao, kiangazi linasinyaa. Mtu wa Arusha, kwenye mita 1,400, akishuka na gitaa lake hadi joto la Moshi, nyuzi za chuma zinatanuka na sauti inashuka, itabidi atuni upya. Tarumbeta ni kinyume chake: hewa iliyo ndani ikipoa, sauti inashuka, ikipata moto inapanda. Mwenye chombo anayajua haya yote bila kuyawaza, kama mama anavyojua homa ya mtoto kwa mgongo wa kiganja.

Kuna habari mbili za moto ambazo wapiga gitaa hupenda kuzisimulia. Mwaka 1949 B.B. King, mpiga gitaa wa Marekani, alikuwa akipiga kwenye kibanda cha dansi mji wa Twist, Arkansas. Wanaume wawili wakapigana, wakaliangusha pipa la mafuta ya taa lililowashwa kwa ajili ya joto, ukumbi ukashika moto. King akatoka, akakumbuka gitaa, akarudi ndani kulichukua. Kesho yake akasikia ugomvi ulikuwa wa mwanamke aitwaye Lucille, akalipa gitaa jina hilo ili asirudie ujinga wa namna ile. Mwingine ni Willie Nelson, ambaye nyumba yake ya Tennessee ilipoungua aliingia kuokoa gitaa lake, Trigger. Lile alilinunua mwaka 1969. Limetengenezwa kwa kupigwa kwa vidole, yeye analipiga kwa piki, kile kipande kidogo cha kukwaruzia nyuzi, hivyo piki imekula ubao mpaka pametokea tundu la pili. Bado analipiga.

Habari ya King ina utata ninaoupenda. Alikuwa na magitaa mengi maishani, na yote aliyaita Lucille. Kama uhusiano ni wa milimita na mbavu, Lucille wa pili angewezaje kuwa Lucille? Nadhani jina lilibeba kile ambacho mkono haukuweza kubeba: usiku ule, hofu ile, nusura ile. Fungamano moja linajengwa na mwili, jingine linajengwa na kumbukumbu, na kwa wanamuziki wengi yamesukwa pamoja hadi huwezi kuyatenganisha.

Ukaribu huu una gharama. Mazoezi yakizidi, mipaka ya vidole kwenye ile ramani ya ubongo huweza kuchanganyika, vidole viwili vikaanza kutembea kama kimoja. Mpiga piano Leon Fleisher yalimpata miaka ya 1960, vidole vya mkono wa kulia vikajikunja vyenyewe. Alipiga kwa mkono wa kushoto peke yake miaka 30 hivi. Mara nyingi mkono wa mgonjwa wa namna hii ukishika kikombe cha chai hauna shida. Ukigusa piano, unakataa.

Turudi ukumbini. Mzee alikula taratibu, akanywa soda yake, akanawa, akasukutua. Nilikuwa bado na tarumbeta yake, nimeilaza kwenye meza karibu na mlango ambapo upepo wa Julai ulikuwa ukiingia. Akaichukua. Akaitoa mausipisi mfukoni, akaifumbata kidogo kwenye ngumi, kisha akaipachika. Akapuliza noti moja ndefu, uso ukakunjamana, akanitazama.

"Umeiacha ikapoa," akasema, akageuka ukutani kuipasha.