Limfosaiti chache hazimaanishi kinga imelala

Nimeletewa tena karatasi ya picha kamili ya damu ambayo mtu ameuzungushia kalamu nyekundu mstari wa limfosaiti (aina ya seli nyeupe za kinga) na kuandika pembeni "kinga imeshuka". Mwenye karatasi ana lupus, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, iliyokwishafika kwenye figo, na kwa maneno hayo mawili ameacha dawa zake, prednisoloni na hidroksiklorokwini, akahamia kwenye unga wa mlonge kutoka soko la Majengo, ili "aongeze kinga". Na mlonge sina ugomvi. Ninao na kalamu ile.

Katika lupus, limfosaiti hupungua kwenye damu kwa sababu kingamwili (protini za kinga) za mgonjwa huzishambulia, na nyingine hufa mapema. Zinazobaki hazijatulia hata kidogo: seli T huzichochea seli B (zote ni aina za limfosaiti), nazo seli B huzalisha kingamwili dhidi ya DNA ya mwenye mwili, ambazo hunasa kwenye glomeruli (vichujio vidogo vya figo) na kuamsha komplimenti (protini nyingine za kinga kwenye damu), kisha nyutrofili na makrofaji, seli nyingine za kinga, hufuata. Ndiyo maana C3 na C4, ambazo ni protini za komplimenti, husomeka chini, kwa kuwa zimetumika. Zaidi ya hayo, takriban asilimia 2 tu ya limfosaiti zote ndizo zilizomo kwenye damu, hivyo kupima kinga kwa mstari ule ni sawa na kuhesabu watu barabarani na kutangaza kwamba Dodoma imehamwa, ilhali wamejaa sokoni.

Hata hivyo, mgonjwa huyu hushikwa kweli na maambukizi kwa urahisi, na figo zikishindwa hali huzidi, kwani taka zinazobaki kwenye damu huzidhoofisha seli T. Ndiyo sababu mtu mzima aliye kwenye dayalisisi (kusafishwa damu) huweza kupewa chanjo ya homa ya ini B ya mikrogramu 40 badala ya 20, na bado miili mingine isiitikie. Kinga ni kali na dhaifu kwa wakati mmoja, jambo ambalo hakuna unga unaolitatua.

Nikiri kwamba prednisoloni yenyewe hupunguza limfosaiti, kwa hiyo mara nyingi siwezi kusema kwa karatasi hiyo pekee kama kilichozishusha ni ugonjwa, dawa au maambukizi. Hata kingamwili dhidi ya DNA hupanda kwa baadhi ya watu huku figo zikiendelea kutulia. Mimi huanza na protini na damu kwenye mkojo, pamoja na kreatinini, taka ya damu inayopanda figo zikidhoofika. Shaka ikibaki, nachukua kinyama cha figo kikapimwe.

Kuhusu madai kwamba hidroksiklorokwini ni "dawa ya malaria iliyokatazwa": klorokwini, ndugu yake, iliacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini Tanzania mwaka 2001 kwa sababu vimelea viliizoea, na lupus haina vimelea. Hidroksiklorokwini isizidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku, na kwa kuwa huweza kudhuru macho, mwenye figo dhaifu akaguliwe macho mapema kuliko wengine.