Bruce Lee hakuuawa kwa pigo la siri

Wengi wetu tuliokulia kwenye mabanda ya video tulisikia kwamba Bruce Lee aliuawa kwa pigo la siri linaloua polepole, au kwamba magenge ya Hong Kong yalimtilia sumu. Filamu ya makala ya Be Water, iliyoongozwa na Bao Nguyen na kutolewa mwaka 2020, inatupa nafasi nzuri ya kumtazama upya mtu huyu, na hadithi hizo hazina budi kuwekwa kando.

Lee alifariki tarehe 20 Julai 1973, akiwa na umri wa miaka 32. Miezi miwili kabla, tarehe 10 Mei, alikuwa ameanguka ghafla akiwa kazini studio, na madaktari wakagundua kwamba ubongo wake ulikuwa umevimba. Tukio hilo, ambalo wasimuliaji wa pigo la siri hulisahau, linaonyesha kwamba tatizo lilikuwapo tayari. Siku ya kifo aliumwa kichwa, akameza kidonge cha kutuliza maumivu, akalala, asiamke tena. Uchunguzi wa maiti ulikuta ubongo umevimba sana, lakini haukukuta jeraha lolote la nje, na uchunguzi wa mahakama uliofuata uliamua kwamba kifo kilitokana na ajali isiyokusudiwa na mtu yeyote. Madaktari bado wanajadili kilichosababisha uvimbe huo: wengine wanaitaja dawa aliyomeza, na wengine, katika makala ya kitabibu ya mwaka 2022, wanataja figo zilizoshindwa kutoa maji ya ziada mwilini.