Shaba ya Kilembe Ilipita Kilindini: Tusiuze Mabaki Yake kwa Kilo

Ofisi yetu hapa Mombasa inazidi kupokea malalamiko kuhusu vifaa vya zamani vya reli na bandari vinavyouzwa kama vyuma chakavu. Wauzaji wengi si wezi. Ni watoto na wajukuu wa wafanyakazi wa zamani wanaosafisha stoo, na ndio tunaozungumza nao leo.

Baadhi ya vifaa hivyo ni mabaki ya safari ya shaba ya Kilembe. Mgodi wa Kilembe uko magharibi mwa Uganda, kwenye miteremko ya Rwenzori, juu ya mji wa Kasese. Ulianza kazi mwaka 1956, reli kutoka Kampala ilipofika Kasese. Mawe yake yalikuwa na shaba kama asilimia 2 tu. Yalisagwa na kuchambuliwa huko huko mlimani, kisha makinikia, yaani unga wa mawe uliobaki na shaba nyingi zaidi, yakapelekwa Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls. Kilichotoka tanuruni kilikuwa shaba isiyosafishwa, uso wake umejaa malengelenge yaliyoachwa na gesi ya salfa. Hiyo ndiyo iliyoteremka kwa mabehewa hadi bandari ya Kilindini hapa Mombasa, ikapakiwa melini. Uchimbaji ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kilembe kwenyewe mashimo na majengo yapo, pamoja na malundo ya masalio ya mawe yaliyosagwa kandokando ya mto Nyamwamba. Maji ya mto huo huyamega malundo hayo na kubeba madini hadi mashambani. Mafuriko ya Mei 2013 yaliharibu vibaya bonde zima. Kwetu Mombasa mabaki ni madogo: hati za mizigo, picha za gati, vibao vya mabehewa.

Sasa sheria, maana hapa ndipo watu huchanganya mambo. Tumeeleza mara nyingi kwamba si kila kilichochakaa ni kale. Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Ukigundua kitu chenye thamani ya kiakiolojia, toa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, ukieleza mahali hasa na namna ulivyokipata. Kibao cha 1956 hakimo humo, lakini hilo halikupi ruhusa ya kukiuza: mali ya reli ina mwenyewe, na biashara ya vyuma chakavu inahitaji leseni chini ya sheria ya 2015. Anayekiuka anakabiliwa na faini, kifungo, au vyote viwili.

Picha na hati si lazima mtuachie. Zileteni zinakiliwe, mrudi nazo nyumbani. Nyuma ya nakala andikeni kwa penseli jina la mzee, kazi yake na mwaka. Na tafadhali, vibao msivisugue kwa msasa. Namba zilizochongwa ndizo tunazozitafuta.