Antena bapa ya setilaiti haizunguki, lakini inalenga

Anayeliona bamba la intaneti ya setilaiti juu ya paa kwa mara ya kwanza hudhani limelala tu, likimwaga mawimbi angani kila upande. Dhana hiyo inaficha jambo zuri kuliko yote katika chombo hiki.

Ukweli ni kwamba bamba hurusha mwale mwembamba, na mwale huo hautulii. Ndani mmepangwa vijiantena, katika baadhi ya mabamba zaidi ya 1,000, vyote vikirusha wimbi lilelile. Vikirusha kwa pamoja, mawimbi hutiana nguvu moja kwa moja mbele ya bamba, na pembeni hufutana. Sasa kila kijiantena kikichelewa kidogo nyuma ya jirani yake, upande ambao mawimbi yanakubaliana huhama. Kwenye masafa ya gigahezi 12, wimbi lina urefu wa sentimita 2.5, na vijiantena huachana takriban nusu ya hapo. Ili mwale uiname nyuzi 30, kila kimoja humfuata jirani kwa robo ya wimbi. Igawanye sekunde moja mara trilioni, kisha chukua vipande 21: ndio ucheleweshaji wenyewe! Hakuna mota ya kuligeuza dishi kwa wepesi wa namna hiyo, na wepesi huo unahitajika. Setilaiti iliyo kilomita 550 juu hukimbia karibu kilomita 7.6 kila sekunde. Huonekana na bamba dakika chache tu, na bamba lazima lirukie nyingine.

Je, ni uvumbuzi wa juzi? Hapana. Mjerumani Karl Ferdinand Braun alionyesha mwaka 1905 kwamba antena kadhaa zikipishanishwa awamu, yaani moja ikirusha wimbi lake kwa kuchelewa kidogo nyuma ya nyingine, huelekeza mawimbi upande mmoja. Rada za Vita Kuu ya Pili zikatumia wazo hilohilo. Kilichochelewa ni chipu za bei nafuu za kuhudumia vijiantena vyote hivyo.

Wapo pia wanaosema bamba ndilo linaloondoa ucheleweshaji wa intaneti. Umbali ndio unaoamua. Setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu hulazimisha safari ya kupanda na kushuka ya sekunde 0.24 hivi, hata ukiwa na antena bora duniani. Kwa ile ya kilomita 550, safari hiyo ni kama milisekunde 4 inapokuwa utosini.

Dhana inayowagharimu watumiaji zaidi ni hii: kwa kuwa mwale hugeuzwa kielektroniki, basi bamba liwekwe vyovyote. Litazame bamba kwa pembeni uone linavyopungua upana. Setilaiti nayo huliona hivyo hivyo. Mwale ukiinama nyuzi 60, eneo linaloonekana ni nusu tu, na nguvu hupungua kwa nusu au zaidi. Ndiyo maana mwelekeo unaoelekezwa na mtengenezaji ni wa kufuatwa. Na mti ukisimama katikati, bamba haliwezi kuupindisha mwale ukauzunguka. Majani, hasa yakiwa na maji, hunyonya mawimbi haya. Panda juu ya paa kwanza, uangalie kama anga iko wazi, ndipo utoboe tundu la kwanza.